Nani Kawaambia Kimeng'enya si Neno la Fasihi?

Mwezi uliopita tulikaa watu kama ishirini hivi, hapa Mwanza, kwenye kikao chetu cha kusomeana maandishi. Kijana mmoja alituletea hadithi fupi aliyoiandika mwenyewe. Ndani yake kuna binti anayefanya kazi maabara, na kuna mahali anatafuna tonge la ugali huku akiwaza kwamba vimeng'enya vya mate yake vimeshaanza kulivunjavunja kabla hajalimeza. Basi mzee mmoja wa kikao, mwandishi ninayemheshimu na ambaye vitabu vyake ninavyo rafuni, akaguna. Akasema neno "kimeng'enya" linaua sentensi. Eti ni neno la kamati, halina mwili, halina harufu. Kiswahili, akasema, ni lugha ya mapenzi, ya siasa na ya utani. Mambo ya maabara tuwaachie wenyewe. Watu wakaangua kicheko. Yule kijana akachukua kalamu akalikata lile neno palepale, mbele ya macho yetu.

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana mimi nilikuwa wa mwisho kustahili kucheka pale. Nimefundisha Baiolojia sekondari miaka sita kabla sijahamia kwenye kuhariri vitabu vya watu. Nikiwa kwenye daladala ya kurudi Buhongwa nikaanza kujiuliza: harufu? Mtu aliyezaliwa kanda hii, aliyewahi kupita nyuma ya nyumba yenye lundo la muhogo lililofunikwa majani, siku ya tatu, jua la saa nane, anawezaje kusema kimeng'enya hakina harufu?

Ngoja nieleze, maana najua humu kuna wasomaji wa Mombasa na wa Muscat ambao udaga hawaujui.

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Ukerewe. Muhogo wake mwingi ulikuwa ule mchungu, kwa sababu mchungu ngedere na nguruwe hawausumbui sana na unakaa ardhini bila kuharibika. Alikuwa anaumenya, anauanika kidogo ujikaushe maji ya juu, kisha anaukusanya lundo na kuufunika. Siku tatu, nne. Ukifunua unakuta umeota ukungu, mweusi na mweupe, na umelainika kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kidole unabonyea. Hapo anaukwangua ule ukungu, anauvunjavunja, anauanika juu ya mwamba mpaka ukauke kabisa. Huo ndio udaga. Yule mwenye haraka au mwenye muhogo mtamu anaumenya na kuuanika tu bila kuuvundika; hayo ni makopa, kitu kingine. Sisi watoto tulichapwa tukila vipande vya lundo kabla havijakamilika. "Mjukuu wangu, huo bado una ukali," alikuwa akisema, na hakuwahi kueleza zaidi.

Ule ukali una maelezo. Ndani ya seli za muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini: ni sukari ya glukosi iliyobeba sianidi mgongoni. Ikiwa imekaa hivyo haina fujo. Mmea umeihifadhi kwenye mfuko wake ndani ya seli, na nje, kwenye ukuta wa seli, umeweka kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Viwili hivi vimetenganishwa kama kiberiti na petroli. Panya akitafuna, ukuta unavunjika, vinakutana. Linamarasi inang'oa ile glukosi, kinachobaki hakina uimara, kinavunjika, na sianidi inatoka. Ndiyo silaha ya muhogo. Sasa angalia alichokuwa akifanya bibi. Kwa kuvundika, alikuwa anawaachia ukungu na vijidudu wavunje kuta za seli taratibu, kimeng'enya kipate kuifikia linamarini yote, sianidi itoke yote, halafu anaianika. Na sianidi ya namna hii huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Kwa jua la Ukerewe inapaa yenyewe. Makopa hayafiki hapo, kwa sababu seli zinakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Na ukiutumbukiza muhogo mchungu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, moto unakiua kimeng'enya kwanza, na linamarini inabaki imekaa salama inakusubiri.

Kwa hiyo bibi, ambaye hakwenda shule hata siku moja, alikuwa anaendesha kiwanda cha bayokemia nyuma ya jiko. Alikuwa nacho kila kitu isipokuwa jina la yule mfanyakazi asiyeonekana.

Mtu ataniambia: kama aliweza bila jina, jina la nini?

Tarime, mwaka 1985. Mkoa wa Mara, ng'ambo ya ziwa kutoka hapa tulipo, kanda ileile. Ukame ulikuwa umepiga, mahindi hakuna, watu wamebaki na muhogo mchungu. Mwenye njaa hasubiri siku tatu za kuvundika na juma zima la kuanika. Maandalizi yakafupishwa. Makumi ya watu, wengi wao watoto na kina mama, wakaamka miguu imekakamaa yote miwili, ghafla, bila homa. Ugonjwa huo ukishampata mtu hauongezeki, na hauponi. Walionusurika na fimbo mkononi wapo waliozeeka nayo. Madaktari waliokwenda kuchunguza, Watanzania na wageni, waliukuta ni ule ule uliokuwa ukijulikana Kongo kwa jina la konzo: sianidi kidogokidogo, kila siku, kwa wiki nyingi, kwenye mwili usio na kitu cha kuiondolea.

Hapo ndipo sehemu inayonisisimua zaidi. Mwili unajua kuondoa sianidi. Una kimeng'enya chake, kazi yake ni kuibandika salfa ile sianidi na kuigeuza kuwa kitu hafifu ambacho mtu anakikojoa kikaisha. Lakini salfa itoke wapi? Inatoka kwenye protini, kwenye asidi amino mbili tatu zilizo nyingi kwenye nyama, mayai na samaki. Muhogo hauna kitu hapo. Ndiyo maana, katika wilaya ileile, watu walioishi karibu kabisa na ziwa na kula samaki waliponea, na wa mbali kidogo, waliokula unga uleule, wakalemaa. Ugali wa udaga kwa dagaa, chakula ambacho wenzetu wa mjini wanakiona cha kimaskini, ni dawa na sumu zikiwa sahani moja, zinapigana, na dagaa anashinda.

Sasa niambie hiyo haina mwili. Niambie hakuna riwaya hapo.

Desturi inafanya kazi mpaka siku inapovunjwa na njaa, na siku hiyo anayejua tu kwamba "ndivyo tunavyofanya" hana namna ya kujua ni hatua ipi anaweza kuiruka na ipi itampokonya miguu mtoto wake. Anayejua kwamba kuna kimeng'enya mle ndani kinachohitaji muda, kinachohitaji seli zivunjwe, anaweza kubuni. Kuna njia ilishabuniwa kwa ajili ya unga wenyewe: unaulowesha, unautandaza mwembamba juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha unaupika. Ni rahisi hivyo. Lakini jaribu kumweleza mtu kwa nini unga mkavu uloweshwe tena, bila kumtaja kimeng'enya. Ataona unamchezea.

Nirudi darasani. Shule niliyofundisha sitaitaja. Ilikuwa na kanuni ya Kiingereza tupu, na kibao cha mbao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyekamatwa akiongea Kiswahili. Kidato cha kwanza wanatoka shule ya msingi wakiwa wamejifunza mmeng'enyo wa chakula na usanisinuru kwa Kiswahili, wanayaelewa vizuri tu, kisha Januari tunawaambia waanze upya kama waliozaliwa jana. Siku ya vimeng'enya wakaimba fasili yake ya Kiingereza kwa sauti moja, kama kwaya. Nikamuuliza mmoja: maana yake nini? Kimya. Nikafunga mlango, nikasema kwa Kiswahili: nani nyumbani kwao wanavundika udaga? Mikono ilijaa. Tukaongea dakika arobaini. Binti mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo bibi anafanya Baiolojia?"

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya onyo kwa kutumia lugha isiyoruhusiwa darasani. Ninayo mpaka leo, nimeiweka katikati ya kurasa za kamusi.

Na hiyo kamusi ndiyo inayowakera wengi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Elfu moja mia tisa tisini! Yule kijana aliyekata neno lake hakuwa hata amezaliwa. Miaka minane kabla, Tume ya Makweta ilikuwa imeshapendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985, na serikali ikakataa. Kwa hiyo watu wale walikaa wakatengeneza maneno ya madarasa ambayo yalikuwa yameshazuiwa kufunguliwa. Huwa nafikiria hali yao. Halafu sisi wafasihi, badala ya kuyachukua maneno yale na kuyatembeza mjini, tumekaa zaidi ya miaka thelathini tunayacheka kwamba yana vumbi. Neno halitoki vumbi kwa kuachwa kwenye kabati, jamani.

Tena tunacheka kama vile maneno ya wenzetu yalishuka mbinguni. "Enzaimu" ni Kigiriki kilichounganishwa na Mjerumani mmoja, Wilhelm Kühne, miaka ya 1870, na maana yake ni "ndani ya chachu". Basi. Ni neno la mama anayekanda mkate. Mwaka 1897 mwenzake Eduard Buchner akaisaga chachu mpaka hakuna seli nzima iliyobaki, akauchuja ule utomvu, akauweka kwenye sukari, na sukari ikachachuka vilevile. Ndipo ikajulikana kwamba kinachofanya kazi si kiumbe kizima bali ni kitu kilicho ndani yake. Akapewa Nobeli mwaka 1907. Neno la Kiingereza la "seli" ni kijumba cha mtawa: Robert Hooke alichungulia kizibo kwa hadubini mwaka 1665, akaona vyumba vidogovidogo. "Bayoteknolojia" ilipata jina mwaka 1919 kwa Karl Ereky, Mhungaria aliyekuwa anawaza namna ya kunenepesha nguruwe kwa wingi. Jikoni, nyumba ya watawa, banda la nguruwe. Huko ndiko sayansi yao ilikookota maneno, na hakuna mshairi wao aliyesema hayana harufu.

Na konzo? Konzo ni neno la Wayaka wa Kwango, Kongo. Linamaanisha miguu iliyofungwa. Daktari mmoja alilisikia kwa wanakijiji, akaliandika mwaka 1938, na leo lipo kwenye majarida ya tiba ya dunia nzima bila kutafsiriwa. Wanakijiji wa Kwango waliipa sayansi ya dunia neno. Sisi, tunaojisifu kuwa na lugha ya Umoja wa Afrika, tunaona aibu kuandika kimeng'enya kwenye hadithi fupi.

Sitaki kujifanya mtetezi wa kila kitu kilichotoka kamatini. Mengine ni mabaya. Kuna istilahi nimezisoma ambazo ni tafsiri ya neno kwa neno, ndefu kama treni ya mizigo, na hizo zife tu, sitazizika. "Protini" acha ibaki protini. "Usanisinuru" naipenda mno, ukiisema polepole unaona mwanga unaingia kwenye jani na kuunganishwa. "Kingamwili" haihitaji mwalimu. "Batobato" ya muhogo, ule ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe na kulifanya jani liwe na mabaka ya njano na kujikunja, ni neno zuri kuliko la Kiingereza. Ukilisema tu mkulima ameshaliona jani. "Kimeng'enya" kina kasoro moja ya kweli na nitaitaja mwenyewe kabla hamjanishika nayo: kinatokana na kumeng'enya, kuvunjavunja vipande vidogo, wakati vimeng'enya vingine havivunji, vinajenga. Kile kinachonakili vinasaba seli inapogawanyika ni fundi mwashi. Sawa. Lakini hata "ndani ya chachu" haisemi ukweli wote, maana vingi havimo ndani ya chachu yoyote, na dunia haijasimama.

"Vinasaba" ndilo neno ninalotaka kugombana nalo kidogo, kwa sababu limetufanyia mema na mabaya kwa pamoja. Limetoka kwenye nasaba, ukoo, damu ya mtu. Kwa mambo ya kupima mtoto ni wa nani, halina mfano. Tunayo hata sheria ya vinasaba vya binadamu, ya mwaka 2009, na kila mtu anayeandikiwa barua ya kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali anaelewa anachokwenda kutafutiwa. Sasa lihamishie shambani. Sema "mahindi yaliyobadilishwa vinasaba." Umemwambia mkulima wa Misungwi kwamba mahindi yameharibiwa ukoo. Yameingiliwa. Hakuna hoja ya kitaalamu itakayoifikia hofu hiyo, kwa sababu imekaa ndani ya neno lenyewe.

Tulikuwa na mjadala huo nchini, kama unaweza kuuita mjadala. Mwaka 2016 kulipandwa mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma, yaliyokusudiwa kustahimili ukame. Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufuta majaribio yote ya utafiti wa mbegu za GMO. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Kuna sababu nzito za kuogopa mbegu ambayo mkulima analazimika kuinunua upya kila msimu, na mimi mwenyewe sina imani na kampuni za mbegu. Nasema tu kwamba nilisikiliza watu wakibishana kwenye vijiwe vya kahawa na hakuna aliyeweza kueleza, kwa lugha yake, ni kitu gani hasa kilichofanyika ndani ya ile punje. Upande wa kukataa walisema "wamechezea vinasaba". Upande wa kukubali walisema "ni sayansi". Herufi tatu za Kiingereza na neno moja la ukoo, ndiyo silaha zote tulizokuwa nazo kuamua watu watakula nini. Baadaye mwaka uleule ikaja chanjo ya korona, na neno lilelile likarudi mwaloni, safari hii eti inambadilisha mtu vinasaba. Sikushangaa.

(Na hapo Misungwi wanapoogopa, ndipo kilipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichokuwa kinachagua na kuzalisha aina za pamba tangu wakati wa Mwingereza. Mbegu kama UK91 zimetoka pale. Nimekutana na watu wazima, wasomi, wanaoamini hiyo UK ni Uingereza. Ni Ukiriguru, ndugu yangu. Ni hapo tu ukishapita Usagara.)

Nirudi kwetu, kwa watu wa vitabu, maana ndio ninaogombana nao leo.

Tunasema fasihi ya Kiswahili haijawahi kubeba mambo haya. Si kweli, na aibu ni kwamba ushahidi unatoka kisiwa kilekile cha bibi yangu. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Yeye akafariki 1981. Tunakitaja kwenye kila makala kuhusu riwaya, tunakisifu kwa unene wake, kisha hatukisomi. Anayekisoma anakuta mtu asiye na haraka. Kilimo, uvuvi, mizizi ya kumtibu mwanamke asiyepata mtoto, pombe ya ndizi: kila kitu kwa hatua zake. Myombekere anataka mkewe arudi, na wakweze wanamtaka alete pombe ya ndizi. Ndoa nzima inasubiri ndizi ziive na togwa lichachuke.

Sasa fikiria kinachotokea pombe hiyo inapotengenezwa. Ndizi mbichi ni wanga mtupu, ukiionja inakukaba. Unaivundika, au unaitundika juu ya moshi, na ndani yake vimeng'enya vinaukata ule wanga kuwa sukari. Unakamua, unatia unga wa mtama, chachu inaingia, sukari inakuwa kilevi na hewa inapanda kwa mapovu. Ukivunja hatua ya kwanza ya pili haina chakula. Ndiyo muda ule ambao Myombekere anasubiri. Kitereza hakuwa na neno kimeng'enya, alikuwa na subira ya kutazama, na tazamo lake linatosha kumwaibisha kila anayesema lugha zetu ni za mapenzi tu. Tulichotakiwa kufanya sisi tuliomfuata, wenye kamusi ya 1990 mkononi, ni kuliweka lile neno mahali pake ndani ya ule utulivu. Badala yake tumeandika tena na tena riwaya za binti wa kijijini anayetapeliwa Dar es Salaam.

Najua jibu. "Fasihi si kitabu cha kiada." Kweli kabisa, na hadithi inayosimama katikati kutoa somo la Baiolojia naitupa mimi wa kwanza. Lakini yule kijana hakutoa somo. Aliandika binti anayetafuna ugali na kujua kinachoendelea mdomoni mwake, kwa sababu binti huyo ni mtu wa maabara na ndivyo anavyoyaona mambo. Kumnyang'anya neno lake ni kumnyang'anya macho. Mvuvi kwenye riwaya tunamruhusu awe na tanga, ngalawa, kokoro na karabai. Hakuna anayesema tanga linaua sentensi. Kwa nini fundi wa maabara wa Bugando asiwe na vyombo vyake?

Jibu la pili ni la wazazi, na hilo silichezei: mtoto akijua kimeng'enya bila kujua enzaimu, mtihani atafeli, kazi hatapata. Nawaelewa. Mwanangu naye anasoma. Lakini hakuna mtu anayedai mtoto asijue Kiingereza. Ninachodai ni kwamba akifika kwenye lile neno la Kiingereza awe ameshakijua kitu chenyewe, kwa sababu alikisoma kwenye hadithi, alikisikia redioni, alikutana nacho kwenye shairi la mapenzi hata, kwa nini sivyo. Neno likishazoeleka hivyo hakuna mtihani litakalomzuia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kirumba, pale mwaloni, kununua dagaa wa mwezi. Mvua zilikuwa zimeanza na bei ilikuwa juu. Nikamuuliza mama ninayenunua kwake siku zote:

"Mayu, kwa nini masika dagaa wanaharibika hivi?"

"Dagaa anajila, mwalimu." Alisema bila kuniangalia, anapepeta. "Asipokauka upesi anajila mwenyewe. Anaanzia tumboni, tumbo linapasuka, halafu ndo wadudu wanakuja."

Nilisimama pale kama mjinga. Ndicho kinachotokea: samaki akishakufa, vimeng'enya vya tumbo lake havijui kwamba amekufa, vinaendelea na kazi, vinammeng'enya yeye mwenyewe. Nikamwambia vina jina. Akalijaribu mara mbili, la pili likatoka vizuri.

"Na hivyo vimeng'enya, jua linaviua?"

"Jua linavinyima maji tu, mayu. Moto ndio unaviua."

"Ee. Ndo maana wa kukaanga hajili." Akanifungia kilo zangu mbili, akaniongeza na gao moja juu, akamgeukia mteja mwingine.

Jioni nikampigia yule kijana nimwambie alirudishe neno lake. Akasema hadithi ameshaituma kwenye shindano. Pale penye vimeng'enya ameacha "mate" tu.